Shavu la Kahaso

Watu wa Junju wakitaka kumweleza mgeni Kahaso alikuwa nani, huanza na meno yake. Hawaanzi na makuti, ingawa sijaona mwanamke aliyeshona makuti kumpita yeye. Husema, "Yule aliyekuwa akifungua soda kwa jino." Mimi hukasirika kila nikiwasikia. Mtu ameishi miaka arobaini na minne, amezaa watatu na kuzika mmoja, hoteli ngapi za pwani hii zimeezekwa kwa kazi ya mikono yake, halafu abaki kuwa kisa cha chupa ya soda. Lakini sina budi, hata mimi nitaanza na meno. Kilichomuua kilianzia humo, na mimi nilikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho.

Jina langu ni Jedida. Hapa huniita Mama Lewis, wa kile kibanda cha bluu karibu na lango la shule. Nilitoka Bungoma miaka kumi na tisa iliyopita nikimfuata mume aliyepata kazi kwenye shamba la mkonge. Kazi ikaisha, mume akaondoka, mimi nikabaki na kibanda. Kahaso ndiye jirani wa kwanza aliyenitembelea. Alinikuta nikihangaika kukata kamba ya mzigo kwa kisu butu, akaninyang'anya kamba, akaitia mdomoni, akanirudishia vipande viwili.

"Wewe wa bara," akasema, "Mulungu alikupa haya meno ya nini, ya kupigia picha?"

Tukacheka mpaka mtoto wangu akaamka. Tangu siku hiyo aliniita mwenehu, neno lao la ndugu, na sikupata ndugu mwingine huku.

Kazi ya makuti ni ya kukaa chini kutwa nzima. Unakunja majani ya mnazi juu ya ufito, moja baada ya jingine, na kila jani unalifunga kwa ung'ong'o, ule ukanda mgumu unaobanduliwa kwenye upongoo, yaani uti wa kuti la mnazi, na kulowekwa. Ung'ong'o lazima upasuliwe uwe mwembamba. Wenzake walipasua kwa kisu. Kahaso alibana ncha moja kwa magego ya kulia, akavuta kwa mkono, ukanda ukachanika sawasawa hadi mwisho. Wenzake wakifika kuti la ishirini, yeye yuko la thelathini, na bado anapiga soga. Alifundishwa hivyo na mama yake, naye akamfundisha binti yake, Pola. Zaidi ya miaka ishirini, kila siku isipokuwa Jumapili, gego lilelile la chini lilifanya kazi ya kisu.

Likapasuka mwaka juzi. Hakuona ajabu. Alijaza karafuu, akajaza chumvi, akajaza ugoro wa mumewe, maisha yakaendelea.

Msidhani hakutafuta matibabu. Hilo ndilo linalonichoma watu wa mjini wanaposema tunajitakia. Alikwenda kliniki moja ya Mtwapa yenye picha ya meno meupe mlangoni. Wakamtajia bei ya kuliziba, na alipoguna wakamtajia bei ya kuling'oa. Alirudi akakaa kwenye benchi la kibanda changu. "Mwenehu, wale wanataka jino au wanataka shamba?" Kuling'oa peke yake kulikuwa makuti ya mwezi mzima. Alikwenda hospitali ya serikali, akafika Jumatano, akaambiwa siku za meno ni Jumanne na Alhamisi. Aliporudi Alhamisi ya wiki iliyofuata akakuta foleni imeshafungwa. Kila safari ni siku ya kazi iliyopotea pamoja na nauli. Bima alikuwa amejiandikisha, tena mimi ndiye niliyemshikia simu, lakini mchango wenyewe hakuwahi kuumaliza. Basi akasubiri kambi.

Kambi ni watu wa kanisa fulani la Mombasa waliokuwa wakija kila baada ya miezi michache. Walisimamisha mahema kwenye uwanja wa shule, wakapima macho, wakapima presha, na hema la mwisho lilikuwa la meno. Bure kabisa. Daktari wa meno alikuwa msichana mmoja mwembamba, Abigael, mwenye taa kichwani na kiti cha plastiki kilichoegemezwa kwenye meza. Alizungumza na wazee kwa adabu na alikuwa na mikono yenye nguvu. Watu walimpenda.

Mwezi wa pili Kahaso alifika mbele yake shavu limejaa kama aliyeficha embe changa mdomoni. Daktari akamwangalia, akamwangalia tena, akavua glavu.

"Mama, hili limetunga usaha, na usaha umeenea. Hapa kwenye hema sina vifaa vya kazi hii. Nakupa dawa uanze leo, na nakuandikia barua. Nenda hospitali leo hii, usingoje."

Maneno hayo niliyasikia mimi mwenyewe, nilikuwa kwenye foleni ya presha, kando ya hema lile. Yalikuwa wazi kama mchana. Lakini hapa Junju kila mtu amekua akijua kwamba jino lenye uvimbe halitolewi, kwamba ukilitoa sumu hukimbilia moyoni. Hata kwetu Bungoma nilikua nikiambiwa hivyohivyo. Kwa hiyo Kahaso alipotoka hemani, aliowakuta nje walimwambia kwa kumpa pole, "Ndiyo, na uvimbe huo hawawezi kukutoa jino. Ngoja ushuke." Naye akaafiki. Mimi pia niliafiki. Daktari alituambia uvimbe ni hatari, sisi tukaelewa uvimbe ni kizuizi. Tukadhani kwamba ukiondoka tu, mlango utafunguka.

Alimeza dawa zote siku saba kama alivyoelekezwa. Shavu likashuka, maumivu yakaisha, na barua ikakunjwa ikawekwa ndani ya mkoba wa kwendea kanisani. Nani aende kupanga foleni hospitali na hasikii maumivu? Akaendelea na makuti, ila sasa alipasua kwa magego ya kushoto.

Mwezi wa saba likabandikwa tangazo kwenye ukuta wa shule: kambi Jumamosi. Kahaso alifurahi kama anayengoja harusi. Jino lilikuwa limetulia wiki nyingi, na aliapa kwamba safari hii atalitoa hata kama haliumi. Alikwisha kuongea na mwalimu mmoja amwandikishe mapema.

Jumanne ya wiki ileile, shavu likapanda.

Alikuja kibandani kajifunga leso kichwani na kidevuni, jua kali, macho mekundu. Nilikuwa sijawahi kumwona Kahaso akilia, hata kwenye mazishi ya mwanawe aliliweka lile jambo ndani. Siku hiyo alilia wateja wakimwona.

"Watanifukuza tena, Mama Lewis. Watanifukuza, na wakiondoka sasa mpaka mwezi wa kumi. Sitafika mwezi wa kumi na jino hili. Nakwambia sitafika."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoingia. Chini ya meza yangu, nyuma ya sabuni, nilikuwa na pakiti za nailoni zenye tembe ndogo nyeupe. Hazikuwa na jina. Mtu mmoja alikuwa akiniletea kutoka Mombasa, na wanawake walizinunua kimyakimya ili wapate mwili, wajae mashavu na makalio. Nilijua si halali kuziuza. Nilijua pia kitu kingine: mwaka uliotangulia goti langu lilivimba mpaka nikashindwa kuchutama, nikameza tembe hizo siku mbili kwa kubahatisha, na goti likarudi kama la msichana.

Nikamwita ndani, nikashusha pazia. Nikampa pakiti nzima.

"Meza mbili asubuhi, mbili jioni. Jumamosi utakuwa na uso wa bibi harusi. Na wakikuuliza, hujameza kitu. Ukisema umemeza dawa watajua ulikuwa na uvimbe."

Akaziangalia kiganjani. "Ni dawa ya nini?"

"Ya uvimbe," nikasema. Nilikuwa naamini hivyo. Nilijiona mwerevu, na nilijiona mwema.

Jumatano jioni shavu lilikuwa limepungua nusu. Alhamisi alipita barabarani bila leso. Homa iliondoka, hamu ya kula ikarudi, tena ikarudi kwa fujo, akawa anaomba samaki. Wanawake wa makuti walishangilia. Mimi nilizima sauti ndogo iliyokuwa ikinisumbua, maana kuna jambo nililiona na sikulipenda. Alikuwa anakula samaki yule kwa kumchambua vipande vidogo, akivisukuma kwa kidole. Mdomo haukufunguka.

"Umekuwa mzungu?" nikamtania.

"Taya limekaza tu. Limechoka kulia."

Mumewe, Garama, ni mgema, mtu wa maneno machache. Hupanda minazi ya watu alfajiri na jioni, na katikati hukaa kimya. Ijumaa alikuja kibandani kununua kiberiti, akasimama baada ya kukipokea.

"Mama Lewis, ule uvimbe umekwenda wapi?"

"Umeisha, Baba Pola. Si ushukuru?"

"Jumanne ulikuwa hivi." Akapima kwa ngumi. "Leo haupo. Usaha wenyewe haukutoka mdomoni, haukutoka shavuni. Mimi nauliza, kitu kikubwa vile kimekwenda wapi?"

Nikacheka. Nilimwambia aache uchawi. Akaondoka na kiberiti chake, na kicheko changu kikanikauka mdomoni. Kwa mara ya kwanza niliogopa. Nikaanza kupanga sabuni ambazo zilikuwa zimepangwa.

Jumamosi tulifika uwanjani jua halijachomoza. Namba ziliandikwa kwenye vipande vya katoni, akapata ya kumi na nne. Alivaa gauni lake la kanisani. Ukimtazama kwa mbali ungesema ni mzima, pengine amenenepa kidogo. Ukimkaribia uliona jasho dogodogo juu ya mdomo, na jinsi alivyokuwa akimeza mate kwa kujitayarisha, kama mtu anayemeza kidonge kikubwa. Alikuwa na woga wa sindano, akaniomba niingie naye.

Daktari Abigael alimkumbuka. "Mama wa makuti! Ulikwenda hospitali?"

"Nilipona, daktari."

Akamwambia afungue mdomo. Ulifunguka upana wa vidole viwili. Daktari akainama, akawasha taa, akabonyeza chini ya taya kwa ncha za vidole, upande huu, upande ule, akarudi upande huu. Uso wake ukabadilika kidogo. Akampima joto, halikuwepo.

"Uso ulivimba wiki hii?"

"Hapana," akasema Kahaso.

"Umemeza dawa yoyote? Ya maumivu, ya dukani, ya kienyeji, yoyote ile?"

Kahaso akanitazama. "Hapana."

Daktari hakutosheka. Alinyoosha mgongo, akaangalia foleni iliyokuwa imezunguka hema, akarudi kumwangalia. "Mama, nauliza tena, na sitakugombeza. Shingo hii inanitia wasiwasi. Ukiwa na uvimbe unaopoa, jino nalitoa kwa njia moja. Ukiwa umemeza dawa ya kuuficha, silitoi hapa, nakupeleka hospitali na gari letu sasa hivi. Umemeza chochote?"

Jibu lilikuwa lilelile, hapana.

Akalitoa. Halikutoka kwa urahisi. Mzizi mmoja ulikatika, akautafuta muda mrefu, na harufu iliyotoka pale ilinifanya nigeuze uso. Lakini likatoka. Kahaso akasimama na pamba mdomoni, akaomba jino lake, akafungiwa kwenye kikaratasi. Daktari alimpa dawa, akamwambia maneno mengi kuhusu kurudi haraka akiona hiki au kile. Nje ya hema wanawake walimpigia vigelegele. Alinikumbatia na kuning'ang'ania shingoni. Nilisikia moyo wake ukienda mbio sana, nikasema moyoni ni furaha.

Jumapili alikunywa uji. Jumatatu asubuhi alinipigia simu mwenyewe, nikadhani ni mtu mwingine. Sauti ilikuwa nzito, ya mtu mwenye ugali wa moto mdomoni. Nilipofika nikamkuta ameketi kitandani, ameinamia mbele, ameshika kingo kwa mikono miwili. Shavu halikuwa na kitu. Chini ya kidevu, kutoka sikio hadi sikio, shingo ilikuwa imevimba na kukaza kama ubao. Nikaigusa. Bado naisikia vidoleni ninapoandika haya.

"Lala upumzike," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. Alionyesha kwa mkono kwamba akilala pumzi haiji.

Pola alikuwa anachemsha maji ya kumkanda. Garama alikuwa amekwenda kutafuta gari kwa Owen, yule mnunuzi wa makuti mwenye pikapu. Owen alikuwa Malindi kupeleka mzigo, akarudi saa tisa. Saa zote hizo tulikaa tukimsikiliza Kahaso akivuta pumzi. Ilikuwa na mlio mwembamba, kama mlango unaofunguliwa polepole na mtu asiyetaka kusikika. Mate yalimtoka pembeni mwa mdomo na hakuweza kuyameza, alikuwa anayafuta kwa leso, mtu nadhifu vile, akiona haya mbele ya binti yake. Ulimi ulikuwa umesukumwa juu. Alitaka kuniambia kitu mara mbili, sikuelewa, nikamwambia usiseme, utapona. Niliogopa kile alichotaka kusema.

Hospitalini walimkimbiza ndani mara moja. Daktari wa zamu, mwanamume wa makamo, alitujia kwenye korido akitembea upesi.

"Nani yuko naye? Niambieni, amemeza dawa gani wiki hii? Za hospitali, za dukani, za mganga, sijali. Nataka kujua tu."

"Zile za daktari wa kambi," akasema Garama. "Nyingine hakuna."

Daktari akanigeukia mimi. Kwenye pindo la kanga yangu nilikuwa nimefunga pakiti iliyobaki. Niliichukua chini ya mto wa Kahaso tulipokuwa tukimbeba kumtoa nyumbani. Sitajidanganya kwamba niliichukua ili niwaonyeshe.

Nikatikisa kichwa.

Mpaka leo sijui kama neno langu lingebadilisha kitu. Sijathubutu kumwuliza anayejua. Pengine lisingefaa, pengine wangempa kitu kingine, wangemkata mapema zaidi. Nilichokiwaza mimi dakika ile ni kibanda. Niliwaza chifu, niliwaza polisi, niliwaza Lewis aliye chuoni na ada yake. Ndugu yangu anakabwa na shingo yake mwenyewe nyuma ya mlango, na mimi nawaza rafu za sabuni.

Walimpasua shingo usiku huo kutoa usaha. Alikufa Jumatano mchana, Pola akiwa amekwenda kumnunulia maziwa.

Kwenye matanga sikukaa na wanawake, nilijipa kazi ya kupika chai, nikapika siku zote. Kutoka jikoni nilisikia kisa kikitengenezwa, kila mtu akiongeza tofali lake. Jino lilikuwa na uvimbe wa ndani. Daktari ni mtoto, hakuuona. Alilitoa kwa nguvu, mzizi ukakatika, sumu ikashuka. Si tulisema siku zote kwamba jino lenye uvimbe halitolewi? Ndugu mmoja wa Garama akasema wale watu wa kambi huja kujifunzia kazi kwa maskini. Wakaguna kwa kukubali. Mama mmoja akaniuliza, "Si wewe ulikuwepo, Mama Lewis? Si alimvutavuta?" Nikasema ndiyo, alimvuta sana. Haukuwa uongo. Nilimwagia sukari kwenye kikombe chake na mkono haukutetemeka, na hilo linaniogopesha kuliko yote.

Zile tembe zilizobaki nilizitupa shimoni. Yule mtu wa Mombasa nilimwambia asije tena. Nilidhani hiyo ndiyo toba.

Mwezi wa kumi tangazo la kambi likabandikwa ukutani, na kabla ya siku mbili kuisha likawa limechanwa. Mwalimu aliyekuwa akiandikisha watu alipata majina matatu, wote wa macho. Nilimwona mzee Dedan, ambaye ana jino linalomtoa machozi, akienda kwa fundi baiskeli akang'olewe kwa koleo. Alirudi anatema damu na watu wakamsifu. Nikanyamaza. Nilikuwa nimezoea.

Kisha Alhamisi asubuhi Pola alikuja kibandani. Ana miaka ishirini na mbili, ndiye anayekaa kwenye mkeka wa mama yake sasa, anapasua ung'ong'o vilevile. Alikuwa amefunga leso kichwani na kidevuni.

"Shikamoo, mama. Naomba dawa ya maumivu, ile kali."

Nikamwambia afungue leso. Shavu la kushoto lilikuwa limejaa.

"Jumamosi kuna kambi," nikasema.

"Kwa yule aliyemuua mama?" Hakukasirika hata kidogo, alisema kama anayetaja siku ya wiki. "Hospitali nauli sina, na kambi siendi. Nitangoja ushuke."

Sikumpa dawa. Nilimwambia zimeisha. Alipoondoka nilifunga kibanda, kufuli likanishinda mara tatu, nikamfuata kwa njia ya nyuma.

Garama alikuwa uani anafunga makuti mizigo mizigo ya Owen. Nilisimama mbele yake bila hata kubisha hodi.

"Baba Pola, yule daktari hakumuua Kahaso."

Hakuinua macho. "Hayo tulishayamaliza, Mama Lewis."

"Hamkuyamaliza, mlikuwa hamjui. Nilimpa tembe. Zile za kunenepesha. Nilimpa ashushe uvimbe ili apokewe kambini. Uvimbe haukuisha, ulijificha tu. Wewe uliniuliza umekwenda wapi, na mimi nikakucheka."

Mikono yake ikasimama juu ya kamba.

"Daktari alijua?"

"Hakujua. Aliuliza. Aliuliza mara mbili, na akasema kama kuna dawa atampeleka hospitali na gari lao."

"Kahaso akasema nini?"

"Alisema hapana."

Akatikisa kichwa polepole. "La kwanza huenda, kwa woga. Lakini mara ya pili, mtu amwambie gari liko tayari? Hapana. Mke wangu hakuwa mwongo. Miaka ishirini na tano aliniambia ukweli mpaka nikaudhika nao. Usimsingizie maiti."

Hata kwenu nyinyi mnaosoma nimeruka hapo. Kila nilipojisimulia mwenyewe, nilikuwa nikiruka hapohapo, na nilikuwa nimeanza kuamini kwamba mambo yalikwenda hivyo.

"Ni kweli," nikasema. "Mara ya pili alitaka kusema. Alianza, akasema, 'Daktari, nili...' Mimi nilikuwa nimemshika mkono, kwa sababu ya sindano. Nikaubana. Niliubana kwa kucha, Baba Pola, mpaka akanyamaza. Hapana ya pili niliisema mimi."

Nilingoja anipige, na nilitaka anipige. Akaiweka kamba chini, akaikunja vizuri kwanza, kisha akageukia jikoni.

"Pola! Hebu njoo."

Pola akatoka, mkono mmoja una unga, mwingine umeshika shavu. Alikuwa ameniona dakika chache tu zilizopita, lakini ni mtoto aliyelelewa, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

Marahaba haikunitoka.

"Kaa," baba yake akamwambia. "Mama Lewis ana maneno yako. Anza upya, Mama Lewis. Anza kwenye tembe, na usiruke kitu."

Pola akakaa juu ya mzigo wa makuti, akafungua leso ili asikie vizuri. Nikaanza upya.